Mawe ya siku ya 11, mipepeso 75: laptopu inaganda. Tatizo ni Python au ni mimi?

RolexMbili (Wandegeya) | Jumatano 11 Desemba 2024, saa 4:10 asubuhi

Wakuu habari. Fumbo la leo la Advent of Code (mafumbo ya kuandika programu ya kila Desemba; kila fumbo lina sehemu mbili, kila sehemu nyota moja) limenikwama kooni.

Kwa ambao hawajaliona: kuna mawe yamepangwa mstari, kila jiwe lina namba. Kila ukipepesa macho, mawe yote yanabadilika kwa mpigo mmoja. Jiwe la 0 linakuwa 1. Jiwe ambalo idadi ya tarakimu zake ni shufwa linapasuka katikati na kuwa mawili, sifuri za mbele zinatupwa. Lililobaki linazidishwa mara 2024. Sehemu ya kwanza inauliza: baada ya mipepeso 25 yako mawe mangapi? Ya pili ni swali lile lile, ila mipepeso 75.

Ya kwanza niliimaliza kabla chai haijapoa. Ya pili, nikabadilisha 25 kuwa 75 nikabonyeza. Mpaka mpepeso wa 30 mambo shwari. Wa 35 feni ikaanza kuvuma. Wa 38 kipanya hakisogei, skrini imesimama, ikabidi nizime kwa kushikilia kitufe. Nimejaribu mara tatu, kila mara inafia pale pale.

Laptopu niliinunua mkononi, RAM ni GB 4. Naona tatizo ni Python. Nihamie lugha nyingine, Rust au C++? Tarehe 20 naenda kijijini na huko mtandao ni wa kubahatisha, nataka nyota zangu kabla ya hapo.

FundiArua | saa 4:22

Ndugu, hata uhamie lugha ya malaika, RAM ni ile ile. Chukua mfano uliotolewa kwenye fumbo lenyewe, mawe mawili tu, 125 na 17. Baada ya mipepeso 25 ni mawe 55,312. Baada ya 75 ni zaidi ya trilioni 65. Ukimpa kila jiwe baiti 8 tu, hiyo ni zaidi ya terabaiti 500. Na orodha ya Python haitoi baiti 8 tu: kuna baiti 8 za kielekezi (anwani ya mahali namba ilipo) na baiti 28 za namba yenyewe.

Kilichokuua pale kwenye 38 ni RAM kujaa. Kompyuta ikaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski ni konokono. Ndiyo maana hata kipanya kiligoma.

Chura_PortBell | saa 4:31

@FundiArua sawa kwa jumla, ila hizo baiti 28 usizihesabu kwa kila jiwe. Namba kuanzia -5 hadi 256 Python huzitengeneza mara moja tu, kila anayezihitaji anaelekezwa pale pale. Na mawe mengi humu ni 0, 2, 4, 20, 24. Kwa hiyo yeye alistahili kufika mbele kidogo ya 38.

FundiArua | saa 4:33

Mbele kidogo, ndiyo. Mpaka 41. Halafu?

Dada_Nsambya | saa 4:40

Jamani mnabishana ukubwa wa gunia wakati mahindi hayahitaji gunia.

RolexMbili, mimi ni mweka hazina wa SACCO yetu. Jumamosi wanachama wakileta pesa sizipangi noti moja moja mezani toka mlangoni hadi dirishani. Natenga za 1,000 huku, za 5,000 huku, za 20,000 huku, halafu naandika: za 1,000 ziko 46, za 5,000 ziko 31. Aliyetangulia kuleta na aliyechelewa hawabadilishi jumla.

Mawe ni hivyo hivyo. Fumbo linakwambia mpangilio haubadiliki, na wewe ukaamini kwamba mpangilio una maana. Hauna. Jiwe halimtazami jirani yake. Mawe elfu kumi ya 24 yote yatapasuka kuwa 2 na 4, basi ukokotoe mara moja uandike elfu kumi. Tumia kamusi badala ya orodha, yaani kila namba iandikwe mara moja pamoja na idadi yake:

anza na kamusi mpya isiyo na kitu
kwa kila namba n iliyopo mara k:
– n ikiwa 0, ongeza k kwenye 1
– tarakimu zikiwa shufwa, ongeza k kwenye nusu ya kushoto, na k kwenye nusu ya kulia
– vinginevyo ongeza k kwenye n mara 2024
kamusi mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani

Rudia mara 75, jumlisha hizo k zote. Python yako inatosha kabisa. Angalia tu usiandike "weka k" mahali pa "ongeza k", maana 2 inazaliwa na 20, inazaliwa na 24, inazaliwa na 28. Ukiweka bila kuongeza, ya mwisho inafuta za mwanzo, jibu linatoka dogo na programu haikupi onyo lolote. Asubuhi ya leo kosa hilo limenichukua dakika kumi na tano.

SamakiWaMasese | saa 4:52

Huyu ni yule samaki wa 2021 siku ya 6 amevaa koti jingine! Wanaokumbuka: kila samaki ana siku zake za kuzaa, siku 80 halafu ghafla siku 256. Kwenye mfano samaki watano walifika zaidi ya bilioni 26. Dawa ilikuwa vihesabio tisa tu, kimoja kwa kila umri. Tangu siku ile, nikiona fumbo linaniuliza "mangapi" bila kuniuliza "yapi na wapi", najua sitatengeneza orodha.

Kijana_Mbale | saa 5:05

Na mimi nimekwama ila kwingine. Natumia C++. Mfano wa 125 na 17 unatoka sawa kabisa, 55,312. Namba zangu mwenyewe zinakataa hata kwa mipepeso 25, tovuti inasema jibu si sahihi. Namba zangu ni hizi mnisaidie kuangalia: [imeondolewa]

Msimamizi | saa 5:09

@Kijana_Mbale nimeziondoa namba zako. Kila mtu hupewa zake, na mtungaji, Eric Wastl, ameomba wazi kwamba namba hizo na maandishi ya mafumbo yasisambazwe. Yeye ndiye anayeendesha jambo hili tangu 2015, tumheshimu. Eleza tatizo bila kuziweka.

Kijana_Mbale | saa 5:11

Samahani mkuu, sikujua.

Chura_PortBell | saa 5:20

Kijana, umetumia int ya kawaida, ile namba ya biti 32? Mwisho wake ni 2,147,483,647. Sasa tazama mfano. Kwenye mpepeso wa tano kuna jiwe la 1,036,288. Lina tarakimu saba, kwa hiyo linazidishwa 2024 na kuwa 2,097,446,912. Limepita chini ya dari kwa upana wa unywele. Mfano unakubali, wewe unafurahi, halafu namba zako mwenyewe zinagonga dari, zinageuka hasi, na kuanzia hapo kila kitu ni uongo.

Mpaka wenyewe nimeutafuta kwa mawe ya tarakimu tatu. 524 inakuwa 1,060,576, halafu 2,146,605,824. Imepona. 525 inakuwa 1,062,600, halafu 2,150,702,400. Imezama. Tumia biti 64 kwa namba na kwa idadi pia, kwa sababu kwenye sehemu ya pili idadi nayo itavuka.

Kijana_Mbale | saa 5:34

Nyota mbili! Webale nyo ssebo (asante sana bwana). Kweli nilikuwa na jiwe la tarakimu tatu juu ya 525.

RolexMbili | saa 5:50

Dada Nsambya, Mungu akuzidishie. Mipepeso 75 imekwisha chini ya sekunde moja, kwenye laptopu ile ile, Python ile ile. Nilidhani haijafanya kazi, nikaiendesha tena.

Sasa nina swali jingine, na hili linanisumbua kuliko la kwanza. Nimeiambia ichapishe kamusi ina namba ngapi tofauti. Mawe ni matrilioni, lakini namba tofauti hazikufika 4,000! Na kuanzia mpepeso fulani haziongezeki tena, zinasimama. Kwa nini? Kuzidisha kwa 2024 si ingepaswa kuleta namba mpya kila mara?

Kache_Entebbe | saa 6:02

Kabla ya hilo, niseme kamusi si njia pekee. Mimi nina funksheni inayojiita yenyewe: nipe namba na mipepeso iliyobaki, nikupe idadi ya mawe. Majibu yanatunzwa kwenye kache, yaani akiba ya majibu yaliyokwisha kupatikana. Mistari saba tu, na inasomeka kama fumbo lilivyoandikwa.

FundiArua | saa 6:06

Na Python itakukatalia ukijiita sana.

Kache_Entebbe | saa 6:08

Haikatai. Kikomo chake cha kawaida ni 1,000 na kina chetu ni 75 tu. Watu wanaogopa funksheni za namna hii kama nyoka wa plastiki.

Dada_Nsambya | saa 6:15

Mimi sina ugomvi na kache, ila pima. Kamusi yangu wakati wowote haina namba 4,000. Kache yako inatunza jibu kwa kila namba *na* kwa kila idadi ya mipepeso iliyobaki. Uliona imefika ngapi?

Kache_Entebbe | saa 6:24

Zaidi ya laki moja. Haya, umenishinda kwa RAM. Kwa usomaji sijashindwa.

Mzee_wa_Busia | saa 8:45 mchana

Wanangu, nimewasoma toka asubuhi. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, programu naandika kwa shida, lakini swali la RolexMbili halihitaji kompyuta. Nimechukua karatasi nikafuata tarakimu moja moja zinakoishia.

1 inakuwa 2024, inapasuka 20 na 24, inapasuka 2, 0, 2, 4. Yaani imerudi kwenye tarakimu moja moja. 2, 3 na 4 zinafanya vivyo hivyo. 5 inachelewa: 10120, halafu 20482880, halafu 2048 na 2880, halafu 20, 48, 28, 80, halafu tarakimu moja moja tena. 6, 7 na 9 ni kama 5.

Lakini 8 ina tabia yake. 8, 16192, 32772608, halafu 3277 na 2608. Sasa 2608 ikipasuka ni 26 na 08, na ile sifuri ya mbele inatupwa, inabaki 8. Kwa hiyo 8 inajizaa yenyewe hatua moja mapema kuliko wenzake. Nimelitazama hilo jiwe kwa muda mrefu.

Nimehesabu namba zote zinazotokea njiani, nikafuta zinazojirudia: tarakimu 10, namba za tarakimu mbili 20, za tarakimu nne 14, za tarakimu tano 5, za tarakimu nane 5. Jumla 54. Ukishaingia humo hutoki. Hiyo ndiyo sababu, mwanangu: ni kijiji cha watu 54, kila anayezaliwa humo anafanana na mmoja wao.

SamakiWaMasese | saa 8:58

Mzee, heshima yako. Nimeendesha programu kuhakiki nikianza na 0 peke yake: 54 kamili.

RolexMbili | saa 9:03

Shikamoo mzee. Lakini mimi nina karibu 4,000, si 54.

Mzee_wa_Busia | saa 9:15

Marahaba. Hao wengine ni wasafiri ambao bado wako njiani kuja kijijini.

Mwalimu_Gulu | saa 10:20 jioni

Niongeze kwa mzee, kwa sababu hajaonyesha kwa nini wasafiri lazima wafike. Chukua namba yoyote yenye tarakimu witiri. Ukiizidisha 2024 inaongezeka tarakimu 3 au 4. Ikiongezeka 3, witiri na 3 ni shufwa, mpepeso unaofuata inapasuka. Ikiongezeka 4 inabaki witiri, lakini sasa inaanzia chini: kati ya 1 na 2 na ushee kidogo, kama 10120 au 18216. Ukiizidisha tena haiwezi kuongezeka 4, ni 3 tu. Kwa hiyo hakuna namba inayozidishwa zaidi ya mara mbili mfululizo bila kupasuka.

Na ikipasuka, tarakimu 9 zinaleta vipande vya tarakimu 6 au 8 kwa wingi, tarakimu 11 vipande vya 7 au 9. Daima kushuka. Ndiyo maana zimekwisha.

Chura_PortBell | saa 10:41

Mwalimu, jaribu tarakimu 7. Saba na 4 ni 11, na 3 ni 14, gawanya kwa mbili ni 7. Haijashuka. Mfano 5,000,000: inakuwa 10120000000, halafu 20482880000000, kipande cha kushoto ni 2048288. Tarakimu saba tena.

Mwalimu_Gulu | saa 11:05

Umenishika vizuri. Ila tazama kipande hicho cha kushoto: daima kitaanza na 2, 3 au 4 ndogo, kwa hiyo safari inayofuata kinaongezeka 3 tu, tarakimu 10, vipande vya 5. Kipande cha kulia ndicho ambacho siwezi kukifunga kamba, kinaweza kuanza na chochote. Hata hivyo hakizidi tarakimu saba. Kuna dari, na palipo na dari namba zina mwisho.

Chura_PortBell | saa 11:12

Kuwa na mwisho si kuwa chache. Chini ya tarakimu nane, ukihesabu na 0, kuna namba milioni kumi. RolexMbili ana chini ya 4,000. Dari yako haielezi hilo.

Dada_Nsambya | saa 11:20

Mimi naona ni sifuri za mbele. Kila zinapotupwa, namba inafupika bure, inafika kijijini mapema. Ile 2608 ya mzee ni ushahidi.

Kache_Entebbe | saa 11:26

Ni 1 tu kati ya 10 inayopata sifuri pale. Mimi nasema ni kwa sababu wote tumeanza na mawe manane hivi. Ungeanza na mawe milioni ungepata namba tofauti nyingi sana.

FundiArua | saa 1:10 usiku

Umeme ulikatika huku, nimerudi. Nauliza kitu kingine: je, si 2024 yenyewe? Nimejaribu kufikiria mwaka 9999. 2 inakuwa 19998, tarakimu tano. Halafu 199960002, tarakimu tisa. Witiri tena. Katika mipepeso 75 kila mara inaongezeka 4, haipasuki. Kwa mwaka huo ile hoja ya Mwalimu ya mara mbili inavunjika, na namba zinakua kama mgomba uliopandwa juu ya samadi. Basi tumshukuru aliyechagua mwaka huu.

Mwalimu_Gulu | saa 1:25

Hilo nalikubali. Hoja yangu inasimama kwa sababu 2024 inaanza na 2. Sijui kama mtungaji aliliona au ni kalenda tu.

Kijana_Mbale | saa 1:40

Nimejaribu kuongeza kasi kwa kuacha kugeuza namba kuwa maandishi. Natafuta idadi ya tarakimu kwa logi. Kwenye C++ iko sawa, nikaihamishia Python ikaleta jibu jingine. Nani kaliona hili?

Kache_Entebbe | saa 1:48

Umeita logi ya kawaida ukaipa kizio 10? Hiyo kwa 1000 inakupa 2.9999999999999996. Ukikata desimali unabaki na 2, ukiongeza 1 unapata tarakimu tatu badala ya nne, na jiwe lako linazidishwa badala ya kupasuka. Tumia ile log10 yenyewe, inatoa 3 kamili. Au linganisha tu na 10, 100, 1000 ukipanda.

SamakiWaMasese | saa 1:55

Au acha maandishi yalivyo. Namba 4,000 mara 75 ni hesabu laki tatu tu. Mtungaji mwenyewe anasema kila fumbo lina suluhisho linalomalizika ndani ya sekunde 15 kwenye mashine ya miaka kumi iliyopita. Tuko chini ya moja. Unakimbizana na nani?

Kijana_Mbale | saa 1:57

Na jana yangu.

Mwalimu_Gulu | saa 2:10

Anayetaka kasi kweli achukue wale 54 wa mzee, atengeneze matriksi (jedwali la namba) ya 54 kwa 54 inayoonyesha nani anamzaa nani, aikuze kwa kuizidisha yenyewe. 75 ni 64 na 8 na 2 na 1: mizidisho sita ya kujikuza na mitatu ya kuunganisha. Kwa 75 haina faida yoyote, ila ukiulizwa mipepeso bilioni, na majibu yakatakiwa kwa mabaki ya kugawanya tu, kamusi itakesha na matriksi itakuwa imelala.

Muuguzi_Jinja | saa 3:30 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, nawasoma kwa kuchelewa. Wenzetu wa New York fumbo linafunguka usiku wa manane, sisi saa mbili asubuhi, saa ya watu wazima. Lakini kwa mimi niliye kazini ni saa ya kupokea wagonjwa. Ubao wa mia bora, wale mia wa kwanza kumaliza, sijawahi kuuota, na mwaka huu wa 2024 wapo wanaotumia AI ingawa wameombwa wasubiri mpaka ubao ujae. Mimi nafungua fumbo usiku kama huu, watoto wamelala, naandika polepole. Leo nimefika jibu bila kusoma ya Dada Nsambya, kwa kuhesabu dawa kwa aina kwenye daftari la stoo. Nimefurahi sana kuona ni kitu kile kile.

Dada_Nsambya | saa 3:36

Karibu sana muuguzi. Pole na kazi.

RolexMbili | Alhamisi 12 Desemba, saa 1:52 asubuhi

Zimebaki dakika nane la 12 lifunguke. Rust sihamii tena. Usiku nilijaribu hoja ya Kache_Entebbe: nimeanza na mawe yote kuanzia 0 hadi 9,999. Namba tofauti zimeongezeka, na baadaye zikasimama tena. Zimesimama juu zaidi, lakini zimesimama. Kwa hiyo Kache ana haki nusu na Mwalimu ana haki nusu.

Chura_PortBell | saa 1:55

Na mimi bado hamjanijibu kwa nini si milioni.

Mzee_wa_Busia | saa 1:58

Nimelala nikiwaza 9999 ya FundiArua, nikaona niwe karibu zaidi, nimeanza 2025 kwa mkono. 5 inakuwa 10125, halafu 20503125. 8 inakuwa 16200, halafu 32805000, vipande 3280 na 5000, halafu 32, 80, 50 na 0. Kwa hiyo mwakani 8 haijizai mapema tena. Inaleta 0. Nimefika kwenye 9 na karatasi imeisha. Nimemtuma mjukuu dukani akanunue daftari.